Mkia wa Sahihi

Mwalimu Idarusi hakuiachia ile karatasi mpaka aliponiona nimenawa mikono na kuikausha. Aliitoa mwenyewe kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza yangu, kisha akarudi kukaa kwenye kiti cha mlangoni, mahali ambapo aliweza kuiona meza na barabara kwa pamoja.

"Amana hiyo," alisema. "Ikitoka hapa na alama ya kidole chako, mie ndiye nitakayeulizwa."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Waelewa, haya. Fanya kazi."

Ilikuwa mwaka 1986. Studio yangu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga pale Chumbageni, na nyuma yake kulikuwa na kijichumba kisicho na dirisha nilichokitumia kusafishia picha. Siku hizo mashine za kunakili zilikuwa katika ofisi chache tu, na nyingi zilikaa bure kwa kukosa wino. Mtu aliyetaka nakala ya cheti au hati aliileta kwa mpiga picha. Kazi hiyo ilinilisha kuliko harusi.

Karatasi yenyewe ilikuwa imepigwa taipu. Ilisema kwamba Hamad bin Haidar, Mpemba aliyewahi kufanya biashara ya karafuu na mwenye nyumba mtaa wa pili kutoka kwangu, ameitoa nyumba yake yote, angali hai na mwenye akili timamu, iwe hiba kwa Saleh, mtoto wa ndugu yake. Tarehe ilikuwa ya mwaka 1982. Chini kulikuwa na sahihi mbili kwa herufi za Kiarabu na wino wa buluu: ya kwanza ya Hamad, ya pili ya shahidi. Shahidi alikuwa Mwalimu Idarusi huyu huyu, aliyefundisha Kurani watoto wa mtaa kwa miaka thelathini.

Mzee Hamad alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha mtoto mmoja tu, Tuhfa, ambaye tangu aachwe na mumewe alikuwa akiishi katika nyumba hiyo na watoto wake wawili. Bila karatasi ile, mirathi ingempa Tuhfa nusu na Saleh nusu, na hilo mtaa mzima ulilijua. Kwa karatasi ile, Tuhfa hakuwa na haki hata ya kizingiti. Wazee wa mtaa walikuwa wameamua kwamba kila upande upewe nakala, halafu wakutane baada ya wiki tatu kusema neno la mwisho.

Tuhfa alisimama kando ya meza, hajakaa wala hajaegemea. Mwalimu alipogeuka kuitikia salamu ya mpita njia, aliinama upande wangu.

"Kaka Asheri, piga hiyo nakala yao. Halafu ile sahihi ya baba itazame kama unavyowatazama wale nzi wako."

Nzi wangu walikuwa ukutani, mahali ambapo wapiga picha wengine huweka maharusi. Kulikuwa na ubawa wa nzi mmoja uliojaza karatasi nzima, na mishipa yake kama mito inayokutana. Kulikuwa na uzi wa katani, punje ya chumvi, na ukingo wa jani la mchungwa lenye vitobo vya mafuta. Watu walivicheka. Wengine waliuliza kama mimi ni mganga.

Nilikuwa nimejifunza mwenyewe. Kamera yangu ilikuwa Zenit, niliyoinunua kwa mwalimu mmoja Mrusi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na pete tatu za chuma zisizo na kioo. Kwa miezi kadhaa nilidhani ni vipuri. Siku moja nilizifunga zote tatu kati ya kamera na lenzi, nikachungulia, nikaona ukungu mtupu. Nilizungusha lenzi mbele na nyuma, ukungu ule ule. Nilipochoka nikainama tu, na mara moja punje ya chumvi iliyokuwa mezani ikatokea mbele yangu kubwa kama jengo, ina pembe na ngazi. Nikapumua, ikapotea. Hapo nilijua kwamba katika picha ya karibu huzungushi lenzi, bali unasogea wewe mwenyewe, na kwamba kusogea kwa kifua kinachopumua ni mbali sana.

Mengine niliyapata polepole, jambo moja kwa mwezi. Kile kinachoonekana vizuri hakizidi unene wa ukucha. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake vinakuwa moshi. Ukitaka kuongeza, unafinya tundu la lenzi libaki dogo kabisa. Lakini tundu likiwa dogo mwanga hauingii, na zile pete zimeshakula mwanga wao, kwa hiyo lazima uiache kamera wazi sekunde mbili au tatu, na katika sekunde hizo hata lori likipita barabarani picha imeharibika. Ndiyo maana ya stendi ya miguu mitatu na waya wa kufyatulia. Na mwanga, usiupige mbele. Mwanga wa mbele unaonyesha rangi tu. Wa ubavuni unaonyesha mwili: kilichoinuka, kilichobonyea, kilichokwaruzwa.

Kilichonivuta sana ni kwamba kitu kikikaribiwa hivyo hakikufichi kilivyotengenezwa. Niliamini hivyo wakati ule.

Nilipiga kwanza karatasi nzima. Kisha nikafunga pete zote tatu, nikashusha kamera mpaka lenzi ikawa nusu shubiri kutoka kwenye sahihi, nikaegesha kioo kidogo cha kunyolea upande unaoelekeana na dirisha.

"Kioo cha nini?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Cha kurudisha mwanga, Mwalimu."

"Nilidhani karatasi yataka kujitazama uso." Hakucheka. "Na mbona waipiga tena? Nakala si moja?"

"Hizi za akiba."

Ulikuwa uongo mdogo, na nilijua kwamba ameusikia. Alinyanyuka, akaja akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Alipoichukua karatasi aliigeuza mbele na nyuma, akaipeleka kwenye mwanga, ndipo akairudisha kwenye bahasha.

Filamu ilikuwa shida. Mjini haikuwapo tangu miezi minne. Kwenye kamera zilikuwa zimebaki picha saba, na nilikuwa nimetumia tatu: karatasi nzima, sahihi ya Hamad, na sahihi ya shahidi. Niliingia kwenye chumba cha giza, nikakata kile kipande kilichopigwa, nikakisafisha chenyewe. Kukata kuliharibu nafasi mbili ambazo hazijapigwa. Zikabaki mbili nzima.

Zile sahihi nilizikuza mpaka kila moja ikajaza karatasi ya ukubwa wa daftari. Mimi sikujua kusoma herufi zile. Nilikulia Lushoto, katika shule ya misheni. Lakini wino niliujua. Wazee wote wawili walikuwa na desturi moja, kumaliza jina kwa kuvuta mstari mrefu chini yake, kama mkia. Nikatazama mikia.

Mkia wa Hamad ulikuwa mnene upande wa kushoto, wino umejaa, halafu ukaenda ukipungua mpaka kulia ukawa unywele. Mkono ulianza kwa nguvu ukamaliza kwa wepesi. Hakuna kutetemeka, hakuna kusita. Mkia wa Mwalimu Idarusi ulikuwa kinyume. Kushoto ulikuwa unywele, kama kalamu iliyogusa karatasi kwa woga, ukaenda ukinenepa mpaka kulia ukaishia kwa wino mzito. Nani anavuta mstari hivyo? Mtu anayevuta huku anafikiri.

Nilizitazama siku mbili. Kila nilipozirudia niliona yale yale. Sahihi ya marehemu ilikuwa safi. Yenye shaka ilikuwa ya shahidi, na shahidi ndiye aliyekuwa amenisimamia mgongoni.

Siku ya tatu alikuja Saleh. Nilimfahamu kwa sura tu: mrefu, mcheshi, shati la kung'aa, mtu ambaye tangu biashara zilipoanza kufunguliwa hakukaa mji mmoja wiki nzima.

"Fundi! Nzi wako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nataka picha za paspoti, nne. Nifanye mzuri, wasije wakanirudisha mpakani." Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha kola. "Nasikia karatasi yangu ilipita hapa."

"Ilipita kwa nakala."

"Dada yangu Tuhfa ana uchungu wa baba, simlaumu. Ila uchungu si hati. Au vipi?"

Nilimwambia nina filamu ya picha mbili tu, na nimezitunza. Akacheka, akatia mkono mfukoni, akatoa mkanda mpya, boksi halijafunguliwa.

"Chukua. Nimekuja nayo kutoka Mombasa. Sasa kila kitu kinaingia, Fundi, ni wewe na mguu wako tu. Paspoti nitarudi kesho."

"Shilingi ngapi?"

"Nimekuuliza bei?"

Nililipokea lile boksi. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililiweka kwenye rafu bila kulifungua, lakini nililipokea.

Mke wangu Bibiana aliliona kabla ya kuniuliza kama nimekula. "Nani katoa hii?"

"Saleh."

"Yule anayegombea nyumba? Na mwenzake unamfungia sahihi za baba yake chumbani?" Aliligeuza boksi kama mtu anayekagua nyanya sokoni. "Asheri, wewe mtu mpole. Mtu mpole akiliwa hata kelele hazisikiki."

Tuhfa alikuja kesho yake. Nilimkalisha mezani, nikamwonyesha picha ya sahihi ya baba yake, na nikamweleza nilichokiona: mkono haukusita, mkono haukutetemeka. Kuhusu Mwalimu nilinyamaza. Sikuwa na hakika, na jina la mtu kama yule si la kutupwa mezani.

"Kwa hiyo ni yake," alisema.

"Kwa ninavyoona mimi, ndiyo."

Nikaona macho yake yamepita begani kwangu, yakasimama kwenye rafu. Boksi la filamu lilikuwa jipya, la manjano, katika chumba ambacho hakikuwa na kitu kipya kingine.

"Saleh amekupa nini, kaka Asheri?"

"Ni ya picha zake za paspoti."

"Kapigwa?"

"Bado."

"Haya." Aliinuka, akaziacha picha pale pale mezani. "Mie nilikuja kwako kwa sababu wewe si wa kwetu. Nikasema huyu hana ndugu humu, atatazama tu. Kumbe na wewe una macho yanayonyoosha mkono."

Mchana huo nilikwenda kumtafuta Saleh, nikamkuta kwenye duka la kahawa, nikamrudishia filamu yake. Alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Jamani, mtu kakataa filamu Tanga hii!" Lakini alipoipokea alinitazama kwa muda mrefu kuliko kicheko chake, na tangu hapo hakurudi kupiga paspoti.

Wiki ikapita. Nakala ya Tuhfa ilikuwa bado kwangu, nikaona ni wajibu kuipeleka. Nilimkuta amelala ukumbini kwenye mkeka, amejifunika kanga mbili, homa imempanda. Mwanawe mkubwa, Khairat, alikuwa akimpepea. Na pembeni, juu ya kibao, alikaa Mwalimu Idarusi na sahani nyeupe mapajani, kikombe cha zafarani iliyolowekwa, na kijiti cha kuandikia. Alikuwa anamwandikia kombe: aya zinaandikwa kwenye sahani kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji, na mgonjwa anakunywa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, usizibe mwanga."

Nilikaa. Na kwa kuwa nilikuwa namshuku, sikuutazama uso wake. Nilitazama mkono. Nilitaka kuona ule woga wa kalamu, ule mstari unaoanza kwa unywele.

Alichovya kijiti, akakishusha upande wa kulia wa sahani. Zafarani ikatua nzito, ikajaa. Akavuta kwenda kushoto, haraka, bila kusita hata kidogo, na mstari ukapungua, ukapungua, mpaka kushoto ukakatika kama unywele. Akachovya tena. Kulia, nzito. Kushoto, unywele. Sahani nzima.

Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa nimejua maisha yangu yote kwamba herufi zile huandikwa kutoka kulia. Hata mtoto wa Lushoto anajua. Lakini nilipozitazama kwenye picha nilizitazama kwa mkono wangu mimi, mkono uliofundishwa na misheni kuanzia kushoto, na kila nilichokiona nilikiona kinyume. Ule mkia wenye shaka, unaoanza kwa unywele, haukuanzia pale. Pale ndipo ulipoishia. Mwalimu aliandika kama mtu anayeandika. Na sahihi safi ya Hamad, nene kushoto, nyembamba kulia, ilikuwa imevutwa na mkono uliozoea kuanza mahali ninapoanzia mimi.

Nilimngoja Mwalimu aoshe sahani, amnyweshe mgonjwa, aage. Alipotoka nilimsogelea Tuhfa.

"Dada Tuhfa, nilikosea."

"Leo umepewa nini?"

"Sijapewa. Nilisoma mkia kutoka upande usio wake." Nikamwonyesha kwa kidole juu ya mkeka. Alinitazama muda, homa machoni. "Lakini na hii haitoshi," nikasema. "Pengine baba yako alikuwa na kawaida ya kurudisha mkono, akivuta mkia kutoka kushoto. Wapo watu hivyo. Lazima nione mwandiko wake mwingine, usio na ugomvi."

"Barua zake zilikwenda na mchwa." Akafikiri. "Upo msahafu. Ndani ya jalada aliandika tarehe niliyozaliwa, na za wanangu. Kila moja ametia sahihi."

"Ningeomba niupige."

"Usiuguse."

"Siugusi."

Homa ilipotulia alikuja studio, siku nne kabla ya wazee kukutana. Alimleta Khairat pia, ili Bibiana asiwe na neno, na Bibiana alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni alichokalia Mwalimu, akimenya machungwa ya kwao Muheza, asiwe na neno kwa ukaribu. Tuhfa alitia udhu kwenye ndoo yangu, akaufungua msahafu mwenyewe.

Nilikuwa na picha mbili. Kwa kawaida ningesogeza kamera, lakini kitabu kilikuwa mikononi mwake, na mikono haiwi meza. Nikaifunga kamera kwenye stendi isiende popote, nikaweka matofali mawili chini ya viwiko vyake, na kioo upande unaoelekeana na dirisha.

"Sasa wewe ndiye lenzi," nikamwambia. "Sogea kwangu. Kidogo. Kidogo kuliko hapo, unene wa ukucha. Umepita, rudi. Hapo hapo."

"Na pumzi?"

"Toa nusu, uzuie."

Lori la katani lilikuwa linapita. Tukalisubiri liishe. Kisha nikafyatua, nikahesabu mpaka tatu, nikafunga. Hiyo ilikuwa sahihi ya mwaka aliozaliwa Tuhfa; ya pili tuliirudia hivyo hivyo kwa sahihi nyingine, aliyotia mwaka aliozaliwa Khairat.

"Naweza kuchungulia?" aliuliza.

Nikishike mimi kitabu? Hapana, sikuwa na udhu; Khairat alikuwa nao. Alikishika yeye, juu ya matofali yale yale, sahihi ya mwaka wa mama yake ikiwa mbele ya lenzi, na mama yake akainama kwenye kamera. Alikaa pale muda mrefu. Mwanga wa ubavuni ulikuwa umeuinua wino kutoka kwenye karatasi, na mahali ambapo ncha ya kalamu ya mzee ilikuwa imepasua nyuzi za karatasi palionekana kama mfereji.

"Kwani wino una mwili?" alisema.

"Unao."

"Alikandamiza sana alipoandika langu." Alijifuta uso kwa kanga. "Mnene kulia, kaka Asheri. Naona kwa macho yangu."

"Ngoja nisafishe. Jicho huona linachotaka."

Nilizisafisha, nikazikuza. Kulia mnene, kushoto unywele, zote mbili, na kati yake ilipita miaka ishirini na tisa. Hapo nikaridhika kuhusu mkono. Kuhusu mtu sikuwa na la kusema, kwa sababu picha inaonyesha kalamu ilianzia wapi, haionyeshi nani aliishika.

Tuhfa alitaka twende nazo moja kwa moja kwa wazee. Nikamwomba siku moja. Shahidi wa karatasi ile aliandika sahihi yake kwa mkono wake mwenyewe, hilo sasa nilikuwa na hakika nalo, na ama alimwona Hamad akiandika, ama hakumwona. Niliona aulizwe pasipo na watu.

Nilimkuta Mwalimu kwenye chuo chake cha Kurani, watoto wameshatoka, anakusanya mbao zao za kuandikia. Niliziweka picha nne sakafuni kwa mstari, na sikueleza chochote. Alivaa miwani, akainama. Kwanza aliitambua yake, akaguna. Kisha ile ya msahafu. Kisha alifika kwenye ile ya Hamad ya kwenye karatasi ya hiba, na kidole chake kikaanza kuufuata mkia hewani, kutoka kulia, kikakwama. Akakirudisha, akaufuata kutoka kushoto. Kikaenda.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Tuhfa?"

"Tuhfa alitaka nizipeleke kwa wazee. Mimi nimezileta kwako."

Aliivua miwani. "Msambaa wewe. Nilipokuona unaipiga mara tatu nilisema huyu ananiwekea mtego."

"Na mimi nilidhani umeghushi yako."

"Yangu?" Alitaka kucheka, haikutoka. Akakaa juu ya mbao. "Saleh alikuja nayo alasiri moja, Hamad yu kitandani, mwezi wake wa mwisho ule. Akanambia, Mwalimu, ami keshatia mkono asubuhi, kachoka, kalala, imebaki wewe. Nami ndo kwanza nimetoka kusalisha. Nikatia mkono."

"Mwezi wa mwisho? Tarehe yake ni ya mwaka themanini na mbili."

"Tarehe sikuisoma. Maandishi ya taipu, haya ya Kizungu, nayasoma kwa kudonoa kama kuku. Aliniambia ni karatasi ya kumruhusu asimamie nyumba mzee akiwa mgonjwa." Akaigeuza miwani mkononi. "Na wazee waliponisomea kwamba ni hiba, nilikuwa nimeshaitwa shahidi mbele ya watu. Nikasema moyoni, labda Hamad alitaka hivyo. Labda. Nikaitunza ile karatasi kama yai."

"Saleh anajua kuandika herufi hizi?"

"Yule? Hakumaliza mwezi hapa. Alitorokea shule ya serikali, akawa anazichora tu." Akanitazama. "Lakini sikumwona akichora hii. Usinitie neno kinywani."

"Sikutii."

"Wataniambia nini, Asheri? Watoto wao nawafundisha haki, mie mwenyewe natia mkono nisichokiona."

Nilimwachia picha, nikaenda zangu, na siku mbili zilizofuata sikujua kama atakuja kwa wazee au atazichoma.

Walikutana ukumbini kwa marehemu. Mwalimu alikuja na picha, mimi nikawaeleza wazee habari ya mikia, kisha nikakaa karibu na mlango. Saleh alizitazama picha akiwa amesimama.

"Jamani," alisema, "nyumba ya Mpemba inaamuliwa na nzi wa Msambaa?"

Watu walicheka, na hata mimi niliona kwamba imesemwa vizuri. Mzee mmoja akasema mkia si jina; mtu anaweza kuvuta mkia anavyotaka. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikaona Tuhfa anaushika ukingo wa mkeka.

Ndipo Mwalimu Idarusi alipoinuka. Aliitoa ile karatasi kwenye bahasha, akaiweka katikati.

"Picha ziacheni," alisema. "Mie sikumwona Hamad akiandika. Wala sikujua kilichoandikwa. Ushahidi wangu nauondoa."

"Mwalimu, umezeeka, umesahau," Saleh alisema kwa upole.

"Nimezeeka. Sijasahau."

Hapakuwa na shahidi mwingine, kwa hiyo hapakuwa na hiba. Hakuna aliyemwita Saleh mwizi, na yeye hakukiri kitu. Alisema tu kwamba ameonewa na watu wanaojua kusoma mikia kuliko maneno. Nusu yake alipewa, maana ilikuwa yake tangu mwanzo. Juma lile watoto sita hawakurudi chuoni kwa Mwalimu Idarusi, na baba wa mmoja wao alinieleza sababu kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ningekubaliana naye.

Mwezi uliofuata Saleh aliiuza nusu yake kwa mfanyabiashara wa mitumba, naye akaleta fundi wa kujenga ukuta wa kuigawa nyumba katikati ya ukumbi. Nilipita asubuhi hiyo. Fundi alikuwa amepigilia msumari upande wa mlango, amevuta uzi mpaka ukuta wa nyuma, anatafuta pa kuufunga.

"Usifunge," Tuhfa alimwambia. "Nitaushika mie."

"Mama, kazi ya siku nzima hii. Mkono utachoka."

"Utachoka ukiwa wangu."

Aliushika uzi kwa mikono miwili, akautazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasogea upande wa mfanyabiashara kiasi cha unene wa ukucha, akasimama hapo. Fundi akaweka tofali la kwanza.